Gololi za udongo zisizopasuka: mwongozo kamili, kutoka bondeni hadi kiwanja cha shule

Wanaojaribu kutengeneza gololi za udongo hukwama palepale. Zinalipuka jikoni, au zinatoka na nyufa, au zinatoka nzuri kabisa kisha zinageuka tope siku ya mvua ya kwanza. Makosa yote matatu chanzo chake ni maji: yamebaki ndani, yametoka haraka upande mmoja, au moto haukufika kiwango cha kuondoa yale yaliyofungwa ndani ya udongo wenyewe. Ukiyasimamia maji, gololi itakaa.

Mwongozo huu ni wa mwalimu, mzazi au kijana mkubwa anayetaka watoto wa shule wawe na gololi za kutosha bila kununua. Vipimo ni vya gololi 100 hivi. Msimu mzuri wa kazi hii kwetu Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, yaani Mbeya, Iringa na Njombe, ni kuanzia Mei hadi Oktoba. Mvua zikianza Novemba bado unaweza, ila muda wa kukausha uongeze mara mbili.

## Vitu vya kuandaa

- Udongo wa mfinyanzi mkavu, kilo 2 (baada ya kuchekecha utabaki na pungufu)
- Tofali la kuchoma lililovunjika, moja
- Kinu na mtwangio, au jiwe la kupondea
- Chekeche la unga
- Beseni, na mfuko wa nailoni usiotoboka
- Shuka kuukuu au gunia safi
- Rula, uzi wa nailoni wa kukatia, na kipande cha boksi gumu
- Kijiko cha chuma au kokoto laini ya mtoni
- Kopo la chuma la maziwa ya unga la gramu 400, na kifuniko chake cha bati
- Matofali ya kuchoma 16, mkaa kilo 4, koleo, na kipande cha kioo
- Limau moja

Usitumie kopo lililokuwa na dawa ya mifugo, dawa ya mashamba au rangi. Likipata moto hutoa moshi wenye sumu.

## Hatua ya 1: Chagua udongo

Nenda bondeni, kwenye vinyungu (bustani za bondeni zenye unyevu) au kingo za mto, uchimbe chini ya tabaka la juu lenye mizizi, kama sentimita 40 hadi 60. Udongo unaoufuata huko ni mzito, unanata jembeni, na ukiukata unang'aa.

Maeneo yetu yanatofautiana sana, na hapa wengi hupotea mapema. Udongo wa Rungwe na Tukuyu umetokana na majivu ya volkano: mwepesi, unastawisha migomba na chai vizuri sana, lakini ukiufinyanga unamong'onyoka. Ule mweusi wa mbuga, kama wa uwanda wa Usangu, una tatizo la kinyume chake. Unanata mno, unanywa maji mengi, na ukikauka unanywea hadi unachanika. Mwekundu wa miinuko ya Iringa na Mufindi hufaa ukiwa na unato wa kutosha, kwa hiyo upime kabla ya kuubeba.

Ukiwa Kyela, waulize wafinyanzi. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, ambao vyungu vyao huuzwa kwenye soko la Lyulilo karibu na Matema, wanajua udongo upi unavumilia moto kuliko kitabu chochote kitakavyokueleza.

Fanya vipimo vitatu, na usiruke hata kimoja.

Unato. Lowesha donge, viringisha kamba nene kama penseli, izungushie kidole. Ikizunguka bila kukatika, udongo unafaa. Ikikatika vipandevipande, una mchanga mwingi, tafuta mwingine.

Kunywea. Tandaza kipande bapa, chora mstari wa sentimita 10 kamili, kiache kikauke kivulini. Pima mstari tena. Ukisoma kati ya 9.2 na 9.5, uko pazuri. Ukiwa chini ya 9, udongo unanywea kupita kiasi na utapasuka usipoongezewa unga wa tofali.

Chokaa. Dondoshea maji ya limau juu ya udongo mkavu uliopondwa. Ukitoa povu, una chokaa, uache hapohapo. Chembe ya chokaa ikichomwa na baadaye ikavuta unyevu hutanuka, na gololi iliyotoka motoni ikiwa nzima inabanduka ganda siku chache baadaye.

## Hatua ya 2: Andaa mchanganyiko

Anika udongo hadi ukauke kabisa, kisha utwange na kuuchekecha. Usiuloweke ukiwa mbichi. Donge lililokauka kabisa hunyonya maji na kusambaratika lenyewe, lakini lenye unyevunyevu hubaki na viini vigumu katikati ambavyo hata mikono yenye nguvu haivivunji.

Twanga tofali, uchekeche vilevile. Vumbi la tofali ni kali kwa kifua, kwa hiyo funga kitambaa puani na ufanyie kazi nje.

Changanya vikavu: makopo 4 ya udongo kwa kopo 1 la unga wa tofali. Kama mstari wako ulisoma chini ya 9, tumia makopo 3 kwa 1. Unga wa tofali umeshachomwa, kwa hiyo haunywei tena. Chembe zake huacha njia nyembamba za mvuke kutokea, na ufa ukianza haufiki mbali kabla ya kukutana nazo.

Weka maji kwenye beseni kwanza, kisha nyunyiza unga juu yake kidogokidogo. Ukimwaga maji juu ya unga utapata mabuja. Acha usiku mzima. Asubuhi mwaga maji yaliyosimama juu, mimina uji huo kwenye shuka iliyotandikwa juu ya matofali makavu, ukae hadi uache kushika vidoleni.

Sasa kanda kama unga wa chapati, kwa uzito wa mwili, dakika 15. Kata donge katikati kwa uzi na uangalie: ukiona vishimo vya hewa, piga pande mbili pamoja kwa nguvu na uendelee. Ukimaliza funga kwenye nailoni, weka pembeni siku 3 hadi 7. Siku hizo maji husambaa sawasawa, na udongo unakuwa mtiifu zaidi mkononi.

## Hatua ya 3: Viringisha

Gololi ya kioo ya kawaida ina kipenyo cha milimita 16 na uzito wa gramu 5 na kidogo. Udongo ni mwepesi kuliko kioo. Gololi ya udongo iliyochomwa hufikia uzito huo ikiwa na milimita 18 hivi, na kwa kuwa itanywea, mbichi inatakiwa iwe milimita 20.

Ili zote zilingane, fuata njia hii:

1. Viringisha kamba yenye unene wa sentimita 2 juu ya meza.
2. Iwekee rula pembeni, kata kila baada ya sentimita 1.3 kwa uzi.
3. Bonyeza kila kipande kidogo ili kufukuza hewa, kisha kiviringishe kati ya viganja.
4. Anza kwa mgandamizo, malizia kwa wepesi. Badili mwelekeo kila baada ya mizunguko michache.

Kosa kubwa hapa ni kuviringisha kwa kwenda mbele na kurudi nyuma tu. Unapata yai. Viganja vizunguke kwa duara, na viwe na unyevu mdogo. Maji mengi viganjani huacha utelezi juu ya gololi ambao hukauka mapema na kupasuka vipasuko vidogo.

Toboa tundu la milimita 20 kwenye boksi. Kila gololi ipite kwa kugusa pande zote bila kusukumwa. Ikipita kwa uwazi au ikikataa, irudishe kwenye donge. Kazi hii inachosha, lakini gololi zisizolingana huzaa ugomvi uwanjani, kwani mwenye kubwa ana faida.

Kila mtoto aweke alama yake sasa: nukta mbili, mkwaruzo mmoja, herufi. Tumia mwiba na usizamishe zaidi ya nusu milimita, maana alama nzito ndiyo mahali ufa unapoanzia.

Watoto wa chini ya miaka 3 wasikae karibu na kazi hii wala na mchezo wenyewe. Ukubwa wa gololi unatosha kuziba koo la mtoto.

## Hatua ya 4: Kausha, bila haraka

Hapa ndipo gololi nyingi hufia, ingawa ufa utauona baadaye motoni.

Baridi ya Juni na Julai huwadanganya watu. Hewa ya Mbeya na Makambako miezi hiyo ni kavu na ina upepo, kwa hiyo ngozi ya nje ya gololi hukauka na kunywea huku ndani bado kuna maji. Ngozi ikibana kiini kisichotaka kupungua, inachanika. Ukiziweka juani ni hivyohivyo, tena haraka zaidi. Na ukiwa Makete au karibu na Kitulo, ambako alfajiri nyingine nyasi huamka na barafu, usiziache nje usiku kabisa: maji yakiganda ndani ya udongo hutanuka na kuupasua.

Ratiba inayofaa:

- Siku ya 1 na 2: ndani ya nyumba, juu ya gunia, zimefunikwa nailoni isiyobana. Zigeuze asubuhi na jioni.
- Siku ya 3: ondoa nailoni. Ukucha ukiacha alama lakini kidole kisibonyeze, umefika wakati wa kusawazisha. Viringisha kila moja tena viganjani kwa sekunde 20, kisha isugue kwa mgongo wa kijiko au kokoto hadi ing'ae. Kusugua huziba vitundu vya juu na kuifanya iteleze vizuri uwanjani.
- Siku ya 4 hadi 8: wazi, kivulini, mbali na upepo wa dirisha. Zigeuze kila siku, la sivyo upande wa chini utabaki na unyevu.

Ukitaka rangi, koroga udongo mwekundu uliochekechwa sana na maji uwe kama uji mwepesi, uupake siku ya 3 kabla ya kusugua. Ukiupaka juu ya gololi iliyokwisha kukauka utabanduka.

Ili ujue zimekauka, iguse shavuni. Ikiwa ya baridi, maji bado yanatoka. Ikiwa na joto la chumba, iko tayari. Rangi pia huwa imepauka sawasawa pande zote.

Zilizopata ufa kabla ya moto hujapoteza kitu. Ziponde, loweka, anza upya.

## Hatua ya 5: Choma

Moto usimamiwe na mtu mzima, na ufanyike nje. Nyanda hizi watu wamezoea kuingiza jiko la mkaa ndani kwa sababu ya baridi. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inaua waliolala, na mkaa wa kuchomea gololi ni mwingi kuliko wa kupikia. Hata jivu lake lisiingizwe ndani usiku huo.

Panga matofali kuwa duara lenye upana wa sentimita 35 na kimo cha matofali mawili, ukiacha nafasi za sentimita 3 chini kwa ajili ya hewa. Katikati weka vipande vitatu vya tofali vya kukalishia kopo. Toboa matundu 6 ya msumari kwenye kifuniko ili mvuke utoke.

Anza saa 9 alasiri. Wekundu wa kopo ndio kipimo chako cha joto, na hauonekani juani. Ukianza saa hiyo, sehemu muhimu itaangukia magharibi.

Saa ya kwanza: kupasha. Weka gololi kwenye kopo, zisizidi robo tatu. Kuzigusanisha hakuna shida, kwani hakuna kinachoyeyuka kwenye joto hili. Kopo likae sentimita 30 kutoka kwenye moto mdogo, uligeuze kila dakika 15. Katika mwinuko wa jiji la Mbeya, takriban mita 1,700, maji huchemka karibu na nyuzi 94, kwa hiyo mvuke unakuja mapema kuliko pwani. Na maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,000. Tone lililobaki katikati linatosha kuilipua gololi.

Mwishoni mwa saa hii, shika kipande cha kioo baridi kwa koleo juu ya matundu ya kifuniko. Kikipata ukungu, ongeza nusu saa na upime tena. Usisogee mbele hadi kioo kibaki safi. Kipimo hiki kimoja kikiheshimiwa, milipuko karibu yote inaisha.

Saa ya pili: moto mdogo. Weka kopo katikati ya matofali, kaa la moto kiasi cha konzi mbili chini yake. Usipepee.

Saa ya tatu: panda polepole. Ongeza mkaa hadi nusu ya kimo cha kopo. Sasa maji yaliyofungwa ndani ya chembe za udongo yanaanza kutoka, kazi inayofanyika zaidi kati ya nyuzi 450 na 600. Karibu na nyuzi 573, chembe za mchanga ndani ya udongo hubadilika ukubwa ghafla. Ukirusha joto haraka hapa, utasikia mlio wa kupasuka.

Saa ya nne na kuendelea: moto kamili. Funika kopo lote kwa mkaa, acha hewa iingie. Giza likianza, utaliona likiwa jekundu hafifu, kisha jekundu lililoiva. Libaki hivyo dakika 60 hadi 90. Ukiishia kwenye wekundu hafifu, gololi zitaonekana zimeiva lakini zitalainika majini.

Kisha usiguse. Acha mkaa uishe wenyewe, funika kwa jivu, rudi asubuhi. Usimwage maji wala kufungua kifuniko kuchungulia. Kupoa haraka hupasua gololi kama kupasha haraka, kwa sababu ileile ya chembe za mchanga.

Kopo likitoka limetoboka, ni kawaida. Bati lake huvumilia uchomaji mmoja au miwili.

Mahali penye pumba za mpunga, kama Kyela na Mbarali, au vumbi la mbao, kama Mafinga kwenye viwanda vinavyopasua miti ya Sao Hill, unaweza kulizungushia kopo pumba hizo kwa saa tatu za mwanzo. Zinafukuta polepole, ndicho unachotaka. Ila zenyewe mara nyingi hazifikishi joto la mwisho, kwa hiyo malizia kwa mkaa.

## Hatua ya 6: Kagua

Gonganisha mbili karibu na sikio. Mlio mkali na mwembamba ni dalili njema. Mlio mfu unamaanisha ufa uliojificha au moto mdogo.

Chukua tatu, zitumbukize majini usiku mzima. Asubuhi zikiwa ngumu na maji safi, fungu zima limeiva. Maji yakiwa na tope, rudia kuchoma zilizobaki baada ya kuhakikisha ni kavu. Halafu dondosha moja kutoka kimo cha kiuno juu ya sakafu ya saruji: irukeruke, isivunjike.

Weusi au mabaka si kasoro. Palipokosa hewa ndani ya kopo hutoka peusi, palipopata hewa hutoka pekundu. Wapo watoto watakaogombania zile zenye mabaka, na kwa kweli ni nzuri.

Zilizovunjika zitwange. Ndio unga wako wa tofali wa awamu ijayo.

## Hatua ya 7: Kiwanja

Gololi nzuri kwenye uwanja mbovu haina maana. Chagua mahali pa mita 5 kwa 1.5, mbali na madirisha ya madarasa na mbali na mikaratusi, kwani mizizi yake huinua ardhi na majani yake hayaishi kudondoka.

Kwangua nyasi na udongo wa juu sentimita 5. Twanga udongo wa kichuguu, changanya sehemu 3 na mchanga sehemu 1, nyunyizia maji hadi ushikane mkononi, tandaza na kushindilia kwa gogo. Uinamishe kidogo sana upande mmoja, sentimita 1 kwa kila mita, ili maji ya mvua yatiririke. Ukizidisha, kila gololi itakimbilia upande huo. Fundi ujenzi mwenye pima maji atakusaidia kwa dakika tano.

Kabla haujakauka, toboa mashimo matatu katika mstari mmoja, kila moja mita 1 kutoka kwa jingine. Kandamiza kwa kitako cha chupa ya soda ya kioo hadi sentimita 4. Kitako hicho kina upana wa karibu sentimita 6, kinachotosha gololi kuingia bila kuruka nje, na mgandamizo wake huimarisha ukingo. Mstari wa kuanzia uchorwe mita 2 kabla ya shimo la kwanza. Uache uwanja siku 3 kabla ya kuchezea.

## Hatua ya 8: Kukubaliana kabla ya kucheza

Kanuni hutofautiana kati ya shule na shule, hata mtaa na mtaa. Ya kuanzia ni hii: wachezaji 2 hadi 5, kila mmoja anafyatua kutoka mstarini. Akiingiza shimoni anaendelea, akikosa anasubiri zamu. Akimaliza mashimo kwenda na kurudi, anapata ruhusa ya kulenga gololi za wengine. Mkono wa kufyatulia uguse chini. Anayeurusha mbele kwa mkono mzima anarudia.

Mambo matatu yatamkwe kwa sauti kabla ya gololi ya kwanza: kama wanacheza kwa kula (mshindi anabaki na gololi) au kwa kurudishiana, umbali wa kupima kwa shibiri unahesabiwa kwa mkono wa nani, na kama gololi za beringi zinaruhusiwa. Jibu la hilo la mwisho liwe hapana. Chuma huvunja udongo na kumegua kioo.

Kwa watoto wa darasa la kwanza na la pili, wacheze kwa kurudishiana tu. Kulia kwa aliyeliwa gololi zote kabla ya kengele ya mapumziko ya saa nne kuisha ndiko kunakofanya walimu wengi waupige marufuku mchezo mzima. Wakubwa wakitaka kula, waliane za udongo, zile za kioo zibaki kwenye mkusanyo.

## Kutunza gololi na uwanja

Za udongo ziwekwe kwenye kifuko cha kitambaa, zisichanganywe na za kioo, maana kioo huzikwaruza. Zifutwe kwa kitambaa kikavu. Zikilowa, zianikwe kivulini.

Za kioo, hasa zile zenye rangi iliyojipinda ndani, zioshwe kwa sabuni na kukaguliwa ukingo. Iliyomeguka itolewe, kwani hukata vidole.

Uwanja ukilowa, usichezewe hadi ukauke. Nyayo zikikauka juu yake itabidi uutandaze upya. Kila mwezi rudisha ukingo wa mashimo kwa konzi ya udongo wa kichuguu na chupa ileile, na Novemba mvua zikianza, funika mashimo kwa mawe bapa.